Tusi la heshima: Tamthilia ya samurai ilivyonifunza ugumu wa tafsiri

Jumamosi moja ya mvua, binti yangu aliyekuwa likizoni kutoka chuoni aliunganisha kipakatalishi chake na runinga yetu ya sebuleni. Nilijiandaa kuondoka. Vijana wa siku hizi, kama ujuavyo msomaji, wamelelewa na katuni za Kijapani, nami sina kifua cha kuzitazama saa tatu mfululizo.

“Baba, usitoroke,” akaniambia. “Leo si katuni. Leo ni tamthilia ya samurai, ya jukwaani kabisa. Si wewe kila siku unalia kwamba hatusomi tamthilia?”

Nilinaswa kwa ulimi wangu mwenyewe. Nikaketi. Kando yangu aliketi Mama, aliyekuja jijini kuonwa na daktari wa macho. Mtoto wa jicho amemharibia uwezo wa kusoma, na maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini ya kioo hayakumfaa kitu. Basi binti akateuliwa mkalimani wa nyanya yake, nami nikajiteua mhariri wa mkalimani. Sikujua kwamba nimejiingiza katika mtihani mgumu wa tafsiri.

Tamthilia yenyewe inaitwa Kanjincho. Ni mojawapo ya tamthilia zinazopendwa mno katika kabuki, sanaa ya jukwaani ya Wajapani ambayo jina lake huandikwa kwa herufi tatu zenye maana ya wimbo, ngoma na ustadi. Iliigizwa kwa mara ya kwanza mnamo 1840 mjini Edo, jiji tunaloliita Tokyo leo. Aliyeileta jukwaani ni Ichikawa Danjuro wa saba, kwa matini ya Namiki Gohei wa tatu. Usishangae kusikia “wa saba” na “wa tatu”. Katika kabuki jina la mwigizaji hurithiwa kama kiti cha ufalme, na mwigizaji akilipokea hulibeba pamoja na mzigo wa wote waliomtangulia. Matsumoto Koshiro wa tisa, kwa mfano, alitimiza onyesho lake la 1,000 akiwa mhusika mkuu wa tamthilia hii mnamo 2008. Mara elfu moja, mhusika yule yule!

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1185 ukoo wa Minamoto uliwashinda mahasimu wao wa ukoo wa Taira katika vita vya majini vya Dan-no-ura. Shujaa wa ushindi huo alikuwa Yoshitsune, jemadari kijana. Lakini nduguye mkubwa, Yoritomo, ambaye ndiye aliyeshika hatamu za utawala, akaanza kumwonea shaka. Fahali wawili hawakai zizi moja. Yoshitsune akatoroka kuelekea kaskazini pamoja na wafuasi wachache, wakiongozwa na pandikizi la mtu liitwalo Benkei. Walijifanya watawa wa milimani wanaozunguka nchi wakichangisha fedha za kulijenga upya hekalu kuu la Todaiji huko Nara, lililoteketezwa katika vita vya koo hizo mbili. Yoshitsune naye, jemadari mzima, akavalishwa kofia pana na kubebeshwa mzigo mgongoni ili aonekane mpagazi wa watawa.

Tamthilia inaanzia kwenye kizuizi cha barabarani mahali paitwapo Ataka. Msimamizi wa kizuizi, Togashi, ana amri ya kumkamata kila mtawa wa milimani atakayepita. Habari zimeshavuja. Benkei anajitetea kwamba wao ni watawa wa kweli. Togashi, ambaye si mjinga, anasema: Vyema, kama mnachangishia hekalu, basi nisomee kanjincho.

Hapa mkalimani wetu alikwama. Maandishi ya Kiingereza yalitumia istilahi ndefu ambayo binti aliigeuza kuwa “orodha rasmi ya usajili wa wafadhili wa hekalu”. Mama akageuka.

“Si useme tu kadi ya mchango!”

Tulicheka, lakini Mama alikuwa amepiga ndipo. Kanjin ni kuomba michango kwa ajili ya jambo la dini. Cho ni daftari au hati. Ni nani katika nchi hii ya harambee asiyeijua kadi ya mchango, na asiyejua kwamba kadi ya mchango huweza kuwa ya uongo? Kwa maneno matatu, Mama alikuwa ameelewa hatari iliyomkabili Benkei kuliko sisi tuliokuwa tukisoma.

Kwa kuwa Benkei hana kadi. Anachokitoa katika mzigo ni hati nyingine tu ya kukunja, isiyo na hata neno moja la mchango. Anaikunjua, anaishika juu karibu na kifua, na kuanza “kusoma” kwa sauti nzito na lugha ya kitawa iliyojaa madoido. Anatunga papo kwa papo. Togashi anajongea kuchungulia. Benkei anaigeuza hati, na wawili hao wanaganda ghafla kama sanamu, macho kwa macho, huku vipande vya mbao vikigongwa sakafuni pembeni mwa jukwaa. Mgando huo huitwa mie, nao ni nguzo ya uigizaji wa kabuki. Sisi tuliokulia katika fasihi simulizi hatuhitaji kufafanuliwa uwezo wa Benkei. Manju wetu walighani bila karatasi, na malumbano ya papo kwa papo ndiyo yaliyowapambanua na wanagenzi. Baada ya hati yanafuata malumbano hasa: Togashi anarusha maswali kuhusu mavazi na itikadi za watawa, Benkei anajibu, kasi inaongezeka hadi maswali na majibu yanakaribia kugongana.

Niseme neno kuhusu kuitazama sanaa hii katika filamu. Jukwaa la kabuki ni pana mno, na lina njia ndefu inayokatiza katikati ya watazamaji, ambayo waigizaji huingilia na kutokea. Aliyeko ukumbini huona kila kitu kwa wakati mmoja: wanamuziki waliopangwa safu nyuma, mchoro mkubwa wa msonobari nyuma yao, na kila mhusika aliyeketi kimya. Husikia hata mashabiki wakiropoka jina la ukoo wa kisanaa wa mwigizaji pale anapokoleza. Kamera hutuchagulia. Hutupa uso na kutunyima jukwaa. Ubishi huu ni wa zamani: mnamo 1899 Danjuro wa tisa alikubali kwa shingo upande kupigwa filamu akicheza Momijigari, mojawapo ya filamu kongwe mno za Japani. Hata hivyo, siku ile kamera ilitufaa. Mama aliweza kuona sura kubwa kubwa, na sura ndizo alizozisoma.

Tukafika kwenye kiini. Togashi ameridhika, watawa wanaruhusiwa, wanaanza kupita. Mara askari mmoja ananong’ona: yule mpagazi wa nyuma anafanana na Yoshitsune! Msafara unasimamishwa. Wafuasi wanashika panga. Wakipigana, wameisha. Benkei anarudi kwa hasira, anamgeukia mpagazi na kumfokea kwamba yeye ndiye anayewachelewesha, kwamba kwa mzigo mwepesi namna ile anajikokota na kuwatia watu shakani, kwamba walitaka kufika Noto kabla ya jua kutua. Kisha anainyakua bakora na kumpiga. Anampiga bwana wake.

Binti alitafsiri hivi: “Anasema, wewe mpagazi, unatuchelewesha.” Mama akatikisa kichwa.

“Hapana. Hajasema hivyo.”

“Nyanya, ndivyo ilivyoandikwa hapo.”

“Mimi sioni kilichoandikwa. Nasikia. Huyo amemwita kama mbwa.”

Mama hajui neno hata moja la Kijapani. Lakini alikuwa sahihi, na maandishi ya Kiingereza ndiyo yaliyokuwa na upungufu. Nieleze kwa nini.

Kijapani ni lugha ambayo heshima imefumwa ndani ya sarufi yenyewe. Huwezi kufungua kinywa bila kutangaza umesimama wapi mbele ya unayezungumza naye. Chukua kitenzi cha kawaida kama kula. Kitenzi cha kila siku ni taberu. Nikimzungumzia mtu ninayemheshimu akila, nitasema meshiagaru. Nikijizungumzia kwa unyenyekevu mbele yake, nitasema itadaku. Kula ni kule kule, chakula ni kile kile, lakini kitenzi kimebadilika mzizi na matawi kwa sababu ya uhusiano. Katika tamthilia hii, iliyoandikwa kwa Kijapani cha zamani ambacho hata Wajapani wa leo huhitaji kuelezwa, ngazi hizo zina uzito zaidi. Benkei anapozungumza na bwana wake faraghani, hupanda ngazi zote za unyenyekevu. Anapomfokea mbele ya Togashi, anazishuka zote kwa mruko mmoja.

Kwa hiyo bakora ni nusu tu ya pigo. Benkei anampiga bwana wake kwanza kwa sarufi. Na Kiingereza, chenye “wewe” moja kwa mfalme na kwa mwizi, hakikuwa na pa kuliweka pigo hilo.

Je, Kiswahili kinaweza? Hapo ndipo nilipoinuka kitini, maana mwanafunzi wa lugha akiguswa alipo haketi. Nilimwambia binti asimamishe filamu.

Wengi wetu tukiulizwa kuhusu heshima katika Kiswahili hukimbilia shikamoo, tafadhali, na majina ya ukoo na vyeo: mzee, bwana, mama, ndugu. Wengine watataja kwamba “naomba uniletee” si sawa na “lete”. Yote kweli. Lakini tuna silaha kali zaidi, na imo katika ngeli. Tazama maneno kama kijana, kiongozi na kinyozi. Yana kiambishi ki-, lakini kwa kuwa yanataja watu, upatanisho wake ni wa ngeli ya A-WA: kijana amefika, kiongozi anasema, kinyozi huyu. Sasa badilisha upatanisho tu: kijana kimefika, kiongozi kinasema, kinyozi hiki. Sijaongeza tusi lolote. Nimemwondoa mtu huyo katika ngeli ya watu na kumtupa miongoni mwa viatu na vijiko. Kila msemaji wa Kiswahili husikia kibao hicho, hata kama hajawahi kusikia neno ngeli darasani.

“Jaribu tena,” nikamwambia binti. “Usimwambie unatuchelewesha. Mseme kama kitu.”

Akafikiri kidogo, kisha akaigiza, mkono kiunoni: “Kipagazi hiki! Kimebeba kamzigo kadogo na bado kinajikokota! Kinatuaibisha njiani!”

“Sasa ndiyo,” Mama akasema. “Sasa amesema alichosema.”

Kuna walimu watakaolalamikia ka- hiyo ya “kamzigo kadogo”, wadai ni ya mitaani na kwamba tungesema kijizigo. Nawasikia. Lakini Benkei hakuwa akiandika insha; alikuwa akimdhalilisha mtu barabarani, na barabarani katika Kenya ya leo mzigo wa kudharauliwa ni kamzigo. Tafsiri ya jukwaani huishi kinywani.

Tukaendelea kutazama. Togashi anasimama pale akiona mtumishi akimpiga mpagazi. Sura yake, ambayo kamera ilitukaribishia, haikusema mengi, lakini ilibadilika. Anaelewa. Katika ulimwengu wa samurai hakuna kosa zito kama mtumishi kumwinulia bwana wake mkono. Mtu wa kufanya hivyo ama anampiga mpagazi wa kweli, ama anampenda bwana wake kupita kiasi. Togashi anawaruhusu wapite. Katika mapokeo ya tamthilia hii, inaeleweka kwamba ametambua mpagazi ni nani, na kwamba anajua kuvunja amri huenda kukamgharimu maisha yake. Hakuna anayeyasema hayo jukwaani kwa maneno ya wazi. Mtazamaji ndiye anayepaswa kuyasikia.

Wakishavuka, wanapumzika. Na hapa sarufi inarudi ilikotoka. Benkei anaanguka chini mbele ya Yoshitsune na kulia. Inasemwa kwamba jitu lile halikuwahi kulia maishani kabla ya siku hiyo. Yoshitsune anamnyoshea mkono, anamwambia kwamba kwa bakora ile ameokolewa. Binti, ambaye sasa alikuwa ameshika mchezo, hakuhitaji mhariri. Kipagazi kikarudi kuwa Bwana wangu, na kitenzi kikarudi kwenye ngeli yake ya A-WA. Kwa mtazamaji wa Kiswahili, hapo ndipo machozi ya Benkei yanapopata maana: analilia kila kiambishi alichomvua bwana wake.

Nilikuwa karibu kuanza mhadhara wa pili nilipogundua kwamba Mama ametulia. Mvua ilikuwa imepungua. Akasema, bila kunitazama:

“Hata mimi nilimpiga mtoto wa watu mwaka ule.”

Mwaka ule, kwa Mama, ni mmoja. Ni Januari 2008. Nilijua kwamba alikwama safarini katika Bonde la Ufa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, na kwamba alifika salama. Sikuwahi kuuliza zaidi. Alisema matatu yao ilisimamishwa kwenye kizuizi cha mawe na magogo. Vijana wenye mapanga walikuwa wakimtaka kila abiria aseme maneno machache kwa lugha ya mama, ili wajue ni wa wapi. Kando yake aliketi mvulana, mwanafunzi wa sekondari, aliyemsaidia kupandisha mfuko wake garini. Hakuwa wa lugha ile. Alikuwa akitetemeka.

“Walipofika kwake nilimzaba kofi,” Mama akasema. “Nikamtukana kwa lugha yetu, matusi ambayo sijawahi kuyatukana, hata kwako. Nikawaambia, tazameni kijitu hiki cha dada yangu, kimelelewa Nairobi hata kuamkia nyanya yake hakiwezi, kimekuja kuniaibisha mbele za watu.”

Mvulana alilia. Kijana aliyekuwa kiongozi wa kizuizi alimtazama mvulana, akamtazama Mama, akatoa kicheko kidogo, kisha akaligonga gari ubavuni: nendeni.

“Aliamini?” binti akauliza.

“Hakuamini. Alinitazama nikajua amejua.”

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kwenye runinga, Togashi alikuwa amewafuata watawa na pombe ya mchele ili kuwaomba radhi. Benkei aliinywa kwa kifuniko kikubwa cha chombo, akacheza ngoma, huku akiwaashiria wenzake watangulie kimya kimya. Kisha pazia likafungwa nyuma yake, akabaki peke yake kwenye njia ile ndefu ya katikati ya watazamaji. Akainama kwa shukrani, akaondoka kwa miruko mikubwa ya mguu mmoja mmoja, akifuata waliotangulia. Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

“Na yule wa kizuizini?” Mama akauliza. “Alifanywa nini?”

Nilimwambia tamthilia haisemi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria suala la tafsiri upya. Tuna historia ya kujivunia hapa. Mwalimu Julius Nyerere alitupa Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, na S. S. Mushi akatupa Makbeth. Lakini macho yetu yameelekea Uingereza mno. Kuna lugha nyingine, Kijapani kikiwa mojawapo, ambazo hujali ni nani anamwambia nani kama Kiswahili kinavyojali, na pengine kuliko kinavyojali. Tukizipokea kupitia Kiingereza, tunapokea maneno na kupoteza uhusiano. Binti yangu hakuwa amekosea neno hata moja aliposema “unatuchelewesha”. Alichokuwa hajatafsiri ni kofi.

Kwa hiyo nawasihi walimu wanaofundisha ngeli kana kwamba ni orodha ya kukaririwa kwa ajili ya mtihani: siku moja wapeni wanafunzi wenu kazi hii. Wamfanye mtu awe kitu kwa kubadilisha kiambishi kimoja tu, kisha wamrudishie utu wake kwa njia ile ile. Waulizeni ni lini mtu mwema anaweza kulazimika kufanya hivyo.

Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza Jumatano iliyofuata, na anaendelea vyema. Ameshamwagiza mjukuu wake aitunze tamthilia ile. Anataka kuitazama tena akiona vizuri, hasa uso wa yule askari.